Gawanya kwa 26: uchambuzi wa kisa cha Robodebt, Australia

Chukua kijana wa kubuni anayeishi Brisbane. Julai hadi Desemba anafanya kazi ghalani na kila baada ya wiki mbili analipwa dola 2,000 za Australia. Januari kazi inaisha. Anakwenda Centrelink, wakala wa serikali unaolipa posho za wasio na kazi, anaandikishwa, na kila wiki mbili anatoa taarifa kama sheria inavyomtaka: kipindi hiki sikupata kitu. Analipwa posho hadi mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Hajadanganya mtu.

Sasa njoo upande wa kompyuta. Kumbukumbu za mamlaka ya kodi zinaonyesha kwamba mwaka ule kijana alipata dola 26,000. Mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili. Gawanya: dola 1,000 kwa kila kipindi. Basi, kwa mujibu wa mfumo, alikuwa anapata dola 1,000 hata katika vile vipindi 13 alivyosema hana kitu. Alidanganya, alilipwa asichostahili, na sasa anadaiwa.

Hiyo ndiyo Robodebt, mpango wa serikali ya Australia wa kudai madeni ya posho kwa kompyuta; hakuna kingine kilichojificha ndani yake. Hapakuwa na akili mnemba wala modeli ya kujifunza yenyewe. Ilikuwa ni kugawanya, hesabu ya darasa la tano. Naanza na hapo kwa sababu mjadala wa uwazi wa mifumo ya serikali inayoamua yenyewe huishia mara nyingi kwenye dai moja: fungueni kanuni za kompyuta tuzione. Katika kisa hiki kanuni ilikuwa rahisi kiasi kwamba waliotumiwa barua waliigundua wenyewe wakiwa na kikokotoo cha simu. Kilichofichwa kilikuwa kwenye mafaili ya wanasheria, kwenye maamuzi ya baraza la rufaa na kwenye karatasi zilizopelekwa Baraza la Mawaziri. Mambo hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Mfumo ulivyofanya kazi

Kulinganisha taarifa za posho na za kodi halikuwa jambo jipya Australia. Kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa ikionyesha pale takwimu zinapopishana, kisha ofisa anaichukua tofauti ile kama dokezo tu. Anapiga simu, anamwandikia mwajiri, anatumia mamlaka aliyopewa na sheria kudai hati za mshahara, halafu anakokotoa kipindi kwa kipindi. Kazi hiyo ilikwenda polepole, kesi kama 20,000 kwa mwaka.

Bajeti ya Mei 2015 iliingiza mpango wa kuifanya kazi hiyo kwa wingi. Ukajaribiwa, na mwaka 2016 ukaenea nchi nzima. Ofisa aliondolewa katikati na mzigo wa kuthibitisha ukahamishwa. Mfumo ulikutumia barua ukikutaka uthibitishe mapato yako, pengine ya miaka mitano au saba iliyopita. Ukishindwa kupata hati, au usipojibu, au ukikubali tu ile takwimu ya mwaka bila kujua itatumikaje, mapato yako yaligawanywa kwa 26 na deni likazaliwa. Juu yake iliweza kuongezwa adhabu ya asilimia 10. Kufikia mwishoni mwa 2016 barua zilikuwa zinatoka kwa kasi ya hadi 20,000 kwa wiki. Kazi ya mwaka sasa ilifanyika ndani ya wiki moja.

Barua zenyewe ni somo peke yake. Zile za mwanzo hazikuwa na namba ya simu ya kitengo kilichohusika. Zilikuelekeza kwenye tovuti. Hazikueleza waziwazi kwamba usipotoa hati, mapato yako yatatawanywa sawasawa mwaka mzima. Wengine barua zilipelekwa kwenye anwani walizokwisha kuhama, na habari ya kwanza kuhusu deni wakaipata kutoka kwa kampuni ya kudai madeni, au walipokuta marejesho yao ya kodi yamekatwa. Kulikuwa pia na kosa ambalo mhasibu yeyote angelikamata asubuhi moja. Mwajiri wako alijulikana kwako kwa jina la biashara na kwa mamlaka ya kodi kwa jina la usajili, basi mfumo ukawaona waajiri wawili na mshahara mmoja ukahesabiwa mara mbili.

Kundi lililolengwa ni lile ambalo hesabu ya wastani humuumiza kuliko yeyote: vibarua, wanafunzi wenye kazi za msimu, wahudumu wa mikahawa, watu ambao mapato yao hupanda na kushuka. Mwenye mshahara usiobadilika hagusiki na wastani, lakini mwenye mshahara wa namna hiyo hayuko kwenye foleni ya posho. Yaani hesabu ilikuwa sahihi kwa watu ambao haikuwahusu.

Wapo waliolipa ili yaishe. Wapo waliokopa ili walipe. Mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2022 walikuja akina mama waliofiwa na watoto wao wa kiume, vijana waliojiua baada ya kuandamwa na madeni hayo. Sitaongeza neno hapo.

Walijua tangu 2014

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Australia ya mwaka 1991 inapima haki ya posho kwa kila kipindi cha wiki mbili. Ukipata fedha wiki hizi, posho ya wiki hizi inapungua. Kwa hiyo wastani wa mwaka hauthibitishi lolote kuhusu kipindi fulani, na pasipo uthibitisho hakuna deni kisheria. Halihitaji wakili mbobezi kuling'amua.

Na kweli wanasheria waling'amua mapema. Mwishoni mwa 2014, wazo likiwa bado karatasini, Wizara ya Huduma za Jamii, yenye dhamana ya sera na sheria, iliwauliza wanasheria wake wa ndani. Jibu likaja Desemba: kukokotoa deni kwa wastani hakuendani na sheria. Wizara hiyo ilikuwa na mwenzake, Idara ya Huduma kwa Wananchi, iliyoendesha Centrelink na ndiyo iliyobuni mpango wenyewe. Februari 2015 waziri wa wakati huo, Scott Morrison, alipelekewa dokezo lililoonyesha kwamba huenda sheria ikahitaji kubadilishwa. Wiki chache baadaye pendekezo lilipofika Baraza la Mawaziri lilisema mabadiliko ya sheria hayahitajiki. Katikati ya karatasi mbili hizo lile tatizo la kisheria lilipotea.

Morrison, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, alijitetea kwamba aliwategemea watumishi wa umma. Tume ya Kifalme ya Uchunguzi haikuukubali utetezi huo. Ilisema aliruhusu Baraza la Mawaziri lipotoshwe kwa kutouliza swali lililokuwa wazi mbele yake: jana mmeniambia sheria inahitajika, leo mnasema haihitajiki, kimebadilika nini? Yeye aliyakataa matokeo hayo na anaendelea kuyakataa.

Ukitazama yaliyofuata kwa miaka minne, unakutana na mtindo uleule ukijirudia kwa sura mbalimbali. Krismasi ya 2016 vyombo vya habari vilijaa vilio vya waliopata barua. Ofisi ya Ombudsman wa serikali kuu, inayochunguza malalamiko ya raia dhidi ya serikali, ikaanza uchunguzi. Ushauri wa 2014 ulikuwa kwenye faili. Januari 2017 wizara ikapata ushauri mwingine kutoka humohumo ndani, ukisema wastani unaweza kutumika kama njia ya mwisho. Tume ilikuta baadaye kwamba Ombudsman alipotoshwa kuhusu suala la uhalali. Ripoti yake ya Aprili 2017 ilikosoa ugumu wa barua na upungufu wa maelezo, lakini swali la kama mpango mzima una msingi wa sheria ikaliacha. Kuanzia hapo, kila aliyehoji alionyeshwa ripoti hiyo: Ombudsman ameshatazama. Chombo cha usimamizi kikageuzwa ngao ya kinachosimamiwa.

Kampuni ya ushauri na ukaguzi wa hesabu ya PwC iliajiriwa kuupitia mpango kwa karibu dola milioni moja, na ripoti ya mwisho haikuwahi kukabidhiwa. Mwaka 2018 wizara iliomba ushauri wa nje kutoka kampuni ya mawakili ya Clayton Utz. Agosti jibu likaja: hapana, si halali. Liliachwa kuwa rasimu. Ushauri ukiitwa rasimu, haujapokelewa rasmi. Usipopokelewa rasmi, hakuna anayelazimika kuufanyia kazi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali, iwe Dodoma au Canberra, anaifahamu mbinu hii ya kuacha karatasi ikiwa nusu ili isiwe ya mtu.

Si kwamba ndani hakukuwa na watu waungwana. Ofisa mmoja wa Centrelink, mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kazi hii ya ukaguzi, alimwandikia katibu mkuu wa idara mapema 2017 akieleza hatua kwa hatua jinsi watu wanavyobambikiwa madeni wasiyokuwa nayo. Alisikilizwa kwa adabu, na mpango ukaendelea. Tume ilimsifu. Ni mmoja wa wachache katika ripoti nzima ambao unawasoma bila kuona aibu kwa niaba yao.

Baraza la rufaa lililoamua kimyakimya

Sehemu hii ndiyo kiini cha kisa kwa maoni yangu, na ndiyo inayosahaulika kirahisi kwa kuwa haina waziri wala machozi.

Australia wakati huo ilikuwa na Baraza la Rufaa za Kiutawala. Raia asiyekubaliana na uamuzi wa Centrelink angeweza kufika ngazi ya kwanza ya baraza hilo, bila gharama na bila wakili. Ngazi hiyo ilikaa faragha, na maamuzi yake hayakuchapishwa. Sababu iliyotolewa ina mantiki: mambo ya posho yanagusa siri za watu. Upande usioridhika ungekata rufaa ngazi ya pili, na huko ndiko maamuzi yalikochapishwa na kunukuliwa.

Machi 2017 Terry Carney, profesa wa sheria na mjumbe wa baraza kwa muda mrefu, alipata kesi ya deni la Robodebt mezani. Aliandika uamuzi uliochambua sheria na kufikia hitimisho lilelile la wanasheria wa 2014: wastani si ushahidi, deni halipo. Mwaka huo akatoa maamuzi matano ya namna hiyo. Wajumbe wengine nao wakafuta madeni kwa hoja zinazofanana.

Serikali ilifanya nini? Kama iliamini Carney amekosea, njia ilikuwa ni kukata rufaa. Haikukata hata mara moja. Ilimfutia deni yule mmoja aliyeshinda, ikakaa kimya, na kwa kuwa ngazi ya kwanza haichapishi, hakuna mdaiwa mwingine aliyejua kwamba kuna uamuzi kama huo. Barua zikaendelea kutoka. Muda wa Carney ulipokwisha mwaka uleule, hakuteuliwa tena. Mwaka uliofuata aliandika hoja zake kwenye jarida la sheria, na hapo ndipo wengi waliposikia.

Tazama hesabu ya maslahi ilivyokaa. Anayekata rufaa anaweza kushinda, lakini wanaokata rufaa ni wachache. Kila ushindi unamnufaisha mshindi peke yake. Serikali ikishindwa inapoteza dola elfu chache. Ikikata rufaa na kushindwa ngazi ya pili, inapoteza mpango wote. Basi inashindwa kwa hiari, huku inaendelea kukusanya kwa maelfu wasiojua. Mfumo wa rufaa ulikuwepo na ulifanya kazi yake sawasawa kwa kila mtu mmojammoja. Haukuweza kumzuia mtendaji asiyetaka kusikia, kwa sababu sauti yake haikutoka nje ya chumba.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia ofisi ya serikali ikijivunia kwamba mfumo wake wa kompyuta una haki ya rufaa. Rufaa kwa nani, matokeo yanachapishwa wapi, na ni kesi ngapi mmeshindwa mwaka huu kwa sababu ileile? Namba ya mwisho hiyo ingetosha kuuangusha mpango wa Robodebt mwaka 2017.

Mahakamani, kwa dola 1.48

Kilichouvunja ukuta ni kesi mbili zilizofunguliwa na shirika la msaada wa kisheria la jimbo la Victoria mwaka 2019. Mlalamikaji wa kwanza alifutiwa deni kabla kesi haijasikilizwa, mbinu ileile ya barazani. Wa pili, mwanamke wa Melbourne aliyepata posho ya masomo miaka ya nyuma, alidaiwa karibu dola 3,000 na tayari marejesho yake ya kodi, takriban dola 1,700, yalikuwa yamechukuliwa. Kesi ilipokwisha funguliwa, idara ilikokotoa upya kwa kutumia taarifa halisi za malipo yake. Kiasi alichokuwa amelipwa kupita haki yake kilikuwa dola 1.48.

Idara ilijaribu kumfutia deni naye. Safari hii mawakili wake walisimama kwenye hoja ya kwamba fedha zilikwisha chukuliwa, kwa hiyo kuna cha kuamua. Septemba 2019 Wakili Mkuu wa Serikali, aliyeombwa maoni kwa mara ya kwanza tangu mpango uanze, alisema mpango hauna msingi wa kisheria. Novemba 19 wakala ulisitisha matumizi ya wastani kama ushahidi pekee. Waziri wa wakati huo, Stuart Robert, akaieleza hatua hiyo hadharani kuwa ni marekebisho tu. Siku nane baadaye, Novemba 27, Mahakama ya Shirikisho ilitoa amri kwa ridhaa ya pande zote mbili: aliyeamua kuwa mwanamke huyu anadaiwa hakuwa na kitu chochote mbele yake kinachoweza kuthibitisha deni, na hata ile adhabu ya asilimia 10 haikuwa na msingi.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mei 2020 serikali ilitangaza kurejesha dola milioni 721 kwa watu 373,000. Kesi ya pamoja iliyoendeshwa na kampuni ya Gordon Legal iliishia kwa makubaliano ambayo Jaji Bernard Murphy aliyaidhinisha Juni 2021. Thamani yake ilifika kama dola bilioni 1.8 ukijumlisha fedha zilizorejeshwa, madeni yaliyofutwa na dola milioni 112 za fidia. Jaji aliuita mpango huo ukurasa wa aibu katika historia ya hifadhi ya jamii nchini mwake. Septemba 2025 serikali ilikubali kuongeza dola milioni 475 za fidia, baada ya ushahidi uliofichuliwa na tume kuonyesha kwamba wakubwa walijua zaidi ya ilivyodhaniwa wakati wa makubaliano ya kwanza. Mpango ulibuniwa ili kubana matumizi.

Tume ilivyosema

Serikali mpya iliunda Tume ya Kifalme Agosti 2022 chini ya Catherine Holmes, aliyekuwa jaji mkuu wa Queensland. Ripoti ilitoka Julai 7, 2023, kurasa zinazokaribia 1,000, na sura moja ikiwa imefungwa, ikiwa na majina ya waliopendekezwa kuchunguzwa zaidi. Holmes aliuelezea mpango kuwa wa hovyo na wa kikatili, usio wa haki wala halali. Katika uchunguzi wa kinidhamu uliofuata, watumishi 12, wakiwemo makatibu wakuu wawili wa zamani, walikutwa wamevunja kanuni za utumishi mara 97. Tume ya taifa ya kupambana na rushwa nayo kwanza ilikataa kuwachunguza watu sita iliopelekewa. Mwaka 2025 ikabadilisha msimamo, baada ya mkaguzi wake kugundua kwamba kamishna aliyeiongoza hakujitenga ipasavyo na suala lililomhusu mtu anayemfahamu. Hata msimamizi wa wasimamizi alihitaji msimamizi.

Kuhusu mifumo inayoamua yenyewe, mapendekezo ya Holmes ni mafupi na ya vitendo. Iwepo sheria moja ya kutawala matumizi yake serikalini. Kila idara iandike kwenye tovuti yake, kwa lugha ya kawaida, kwamba inatumia mfumo wa aina hiyo na unavyofanya kazi. Kanuni na taratibu zake ziwe wazi kwa wataalamu wa nje kuzipima. Kiwepo chombo cha kukagua mifumo hiyo kwa jicho la ufundi na kwa jicho la haki pia. Baraza jipya la rufaa lililoanza Oktoba 2024 lilikuja na baraza la ushauri la kuangalia mfumo mzima wa maamuzi ya kiutawala, chombo kilichokuwepo zamani kikaachwa kife. Na kufikia Desemba 2026 sheria ya faragha inazitaka taasisi zinazohusika zieleze katika sera zao za faragha pale kompyuta inapotumika kufanya maamuzi yenye uzito kwa mtu.

Yote mazuri, ila nina shaka moja. Sheria ya utawala wa hifadhi ya jamii ya Australia ilikwisha kuruhusu, tangu zamani, kompyuta itoe uamuzi kwa niaba ya katibu mkuu. Hivyo swali la kama mashine inaruhusiwa kuamua lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Aidha, tangazo la kwenye tovuti lingeweza kuandikwa hivi: tunalinganisha taarifa zako na za mamlaka ya kodi ili kuhakikisha umelipwa kiasi sahihi. Kila neno ni kweli, na halikusaidii kitu. Tangazo ambalo lingesaidia lingelazimika kutaja kifungu cha sheria kinachoruhusu ile hesabu, na kuweka hadharani ushauri wa kisheria uliokiunga mkono. Hapo ndipo wangekwama.

Msomaji wa Nairobi au Kisumu ana sababu ya kulifuata hili kwa karibu. Tangu Oktoba 2024 Kenya ina mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na hesabu yake inaeleweka. Asiye na ajira rasmi anajibu maswali kuhusu nyumba, choo, mifugo na mambo kama hayo, kisha mfumo unakisia mapato yake na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mama anayeuza mboga akiona kiasi kisicholingana na biashara yake, anataka kujua nini? Wanaharakati husema aonyeshwe fomula, na ni haki yake. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake, na Katiba, ibara ya 47, inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ila kisa cha Australia kinanifanya niulize mengine kabla ya fomula: ni wangapi wamelalamika, wangapi wakapunguziwa, kwa sababu gani, na orodha hiyo inachapishwa wapi? Fomula bila majibu hayo utaisoma, utaielewa, na bado utalipa.

Narudi Canberra kwa jambo moja. Novemba 2023 serikali ilijibu ripoti ya Holmes na kukubali mapendekezo yote 56, mengine moja kwa moja na mengine kimsingi. Lakini tume ilikuwa imeweka neno la mwisho, nje ya orodha hiyo. Sheria ya Australia ya upatikanaji wa taarifa, kifungu cha 34, inazifungia nyaraka za Baraza la Mawaziri kwa sababu tu ni za Baraza la Mawaziri. Holmes alipendekeza kifungu hicho kifutwe, ili mwenye kutaka kuficha alazimike kuonyesha madhara ya kuzitoa. Alikuwa ameona kwa macho yake kilichokuwa ndani. Kule ndiko lilikokaa pendekezo la 2015, lile lililosema sheria haihitaji kubadilishwa, na kwa miaka saba waandishi, wanasheria na wadaiwa walioomba karatasi za mpango huo walikutana na mlango huohuo.

Serikali hiyohiyo, iliyoingia madarakani ikiahidi kuchimbua Robodebt hadi mzizi, ilisoma pendekezo hilo na kulikataa.